Njia za ski Minnesota: nishalipa pasi ya jimbo, kilabu nao wanataka mchango, hii imekaaje?

Baba Neema
Habari zenu wakuu. Niko Duluth huku kaskazini. Binti yangu kaingia timu ya ski ya shule, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji na vibao virefu miguuni, sio ile ya kupanda lifti na kushuka mlima, ni ile ya kukatiza msituni kwa nguvu zako mwenyewe. Basi tukanunua pasi ya jimbo, dola 25 kwa msimu, mimi na mama yake na yeye pia maana kuanzia miaka 16 lazima uwe nayo, nikajua tumemalizana. Juzi tumefika kwenye njia ya ski, pale tunapopaki magari kuna ubao wa ramani na chini yake boksi la chuma la michango limefungwa kufuli, halafu jioni kwenye grupu la wazazi ikatumwa fomu: lipa uanachama wa kilabu AMA toa masaa ya kazi. Sasa hii njia ni ya serikali au ya hawa jamaa? Kama ni ya serikali mbona nalipa mara mbili, na kama ni yao ile pasi ni ya nini? Sitaki kuonekana bahili mbele ya wazazi wenzangu ila pesa nayo haiokotwi.

otieno_baridi
😂😂 Karibu kwa michezo ya wenyewe, utalipia mpaka hewa. Mimi nilijitembelea tu huko na mbwa wangu, kuna mzee akasimama akaniangalia vile mtu huangalia kuku aliyepanda kwenye unga. Kwani theluji ina mwenyewe?

Mama Kelvin
Otieno huyo mzee alikuwa na haki yake. Buti linaacha shimo, usiku shimo linaganda linakuwa gumu kama jiwe, kesho yake mtoto wa watu anateremka kasi ski inanasa humo anaruka. Ubao huwa umeandikwa wazi hakuna kutembea hakuna mbwa, soma kaka.

Baba Neema, swali lako ni la haki na wengi hawaulizi. Ardhi mara nyingi ni ya jimbo, kaunti au mji. Hela ya pasi inaenda kwa idara ya maliasili ya jimbo, na wao wanaigawa kama ruzuku kwa vilabu vinavyotunza njia, inapitia kwa kaunti au mji kama mdhamini. Kwa hiyo dola zako 25 hazijapotea, ila zinagawanywa kwa njia za jimbo zima na kinachofika kwenye kilabu chenu hakitoshi kazi yote. Pengo linalobaki ndio linazibwa na lile boksi. Na ukija huku Minneapolis usishangae, sisi mjini na bustani za Three Rivers, zile za vitongojini, tuna pasi yetu nyingine kabisa.

Ninachopinga mimi ni hiyo "lipa au fanya kazi" wanavyoitupa kwa grupu kama vile kila mtu anashinda bure Jumamosi. Sisi wa shifti mbili kwenye nyumba za wazee tunatoa wapi masaa? Waambie ukweli, watakupa kazi ya kukaa mezani kuandikisha watoto siku ya mashindano.

fundi_wa_Moshi
Ngoja niongee mimi ninayeendesha mashine, maana hapa watu wanaongelea hela tu.

Theluji ikianguka njia haijitengenezi jamani. Theluji mpya imejaa hewa, ukiingia nayo unazama. Kwa hiyo kwanza tunapita na pipa la kushindilia limefungwa nyuma ya pikipiki ya theluji, halafu unarudi na chanuo lenye visu linavunja mabonge na kusawazisha, mwisho kabisa unashusha kifaa kinachochora zile reli mbili za upande mmoja. Reli ni za wanaoenda mtindo wa zamani, miguu inanyooka mbele, pale pana palipobaki ni pa wale wanaosukuma miguu pembeni. Ukishamaliza unapaacha masaa kadhaa pagande bila mtu kupita, ndio maana tunafanya usiku wakati nyie mmelala, na kama theluji imesimama kudondoka saa nane za usiku basi ndio saa hiyo hiyo unawasha mashine.

Theluji ikiwa nyembamba hushushi reli hata watu walalamike vipi, maana kifaa kinachota majani na udongo, na jani jeusi juani linavuta joto, panayeyuka hapo hapo na njia imekufa. Ndio ujue kazi inaanza tangu vuli, kabla theluji haijaanguka: kufyeka nyasi ziwe fupi, kupuliza majani kwa mashine, kukata miti iliyoanguka, kuzibua kalavati. Njia iliyofyekwa vizuri inafunguliwa mapema hata kwa theluji kidogo, isiyofyekwa unasubiri mpaka magugu yafunikwe.

Sasa hesabu mwenyewe. Petroli, dizeli, vipuri, bima. Wenye mashine kubwa za minyororo kama PistenBully, mpya inaweza kupita dola laki mbili. Na baridi ikigoma ndio balaa zaidi, msimu wa 2023/24 ulikuwa wa joto kuliko yote kwenye rekodi za Minnesota, watu hawakununua pasi lakini bima haijui kama kuna theluji au hakuna. Mashindano ya Kombe la Dunia la ski ya Februari 2024 pale Theodore Wirth Minneapolis yalifanyika kwa theluji ya kutengeneza, pampu na umeme, kilabu cha kijijini hela hiyo kitaitoa wapi?

Ila kwangu uhaba mkubwa ni watu. Kwenye kilabu chetu wanaojua kuendesha wengi ni wastaafu, akiumwa mgongo mmoja njia nzima inalala.

Baba Neema
Aisee fundi, nimekuelewa. Mama Kelvin asante. Lakini nitajuaje kilabu ni cha kweli na sio mtu na boksi lake?

mhasibu_StPaul
Rahisi mkuu. Angalia kama wamesajiliwa 501(c)(3), yaani shirika la hisani lisilolipa kodi ya mapato, kwenye tovuti ya IRS, wale wa kodi wa Marekani, kuna sehemu ya kutafuta kwa jina. Hesabu zao za kila mwaka za fomu 990 ni za wazi mtu yeyote anasoma. Kilabu kidogo ambacho mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000 kwa mwaka kinaruhusiwa kujaza 990-N, ile ni kama kadi tu haina hesabu ndani, usishtuke, waombe ripoti ya mkutano mkuu. Na kabla hujatoa hela yako uliza kazini, kuna kampuni kibao zinaongezea juu ya mchango wa mfanyakazi na nyingine zinalipia hata masaa uliyojitolea, watu wetu hela hiyo wanaiacha mezani.

otieno_baridi
Sawa sawa mbwa nimemhamishia kwingine. Lakini msisahau sisi wakenya tuna historia huku, Philip Boit alitoka Eldoret akiwa mkimbiaji, akaanza kufunzwa ski Finland 1996, Olimpiki ya Nagano 1998 akamaliza wa mwisho kilomita 10 dakika ishirini hivi nyuma ya mshindi, Mnorwe Bjørn Dæhlie, na Dæhlie akamsubiri pale mwisho amkumbatie. Boit akampa mwanawe jina hilo la Dæhlie. Neema akienda Olimpiki nitalipa uanachama wa familia nzima.

Baba Neema
😂 screenshot nimepiga Otieno. Basi nitalipa uanachama na Jumamosi moja moja nitaenda kukata miti. Msumeno ninunue?

fundi_wa_Moshi
Usinunue, msumeno hawakupi mpaka ufanye mafunzo yao, wewe utavuta matawi. Njoo na glavu na buti. Na ski za binti usichukue mpya dukani, subiri vuli vilabu vinauza zilizotumika, mguu wake bado unakua.