MREJESHO: Taa za nje na ngazi iliyomwangusha mama

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama taa moja kubwa ya wati 50 juu ya paa itatosha kumulika uwanja, baada ya mama kujikwaa kwenye ngazi za mlangoni usiku. Wengi mlinikataza. Mimi mbishi, nikaifunga.

Mlikuwa sahihi. Ukitokea getini inakupiga machoni, huoni unapokanyaga. Halafu mtu akipanda ngazi, kivuli chake mwenyewe kinafunika kidato kinachofuata. Na nyuma ya tangi la maji kukabaki giza totoro, mwizi angejificha pale kwa raha zake.

Nimeishusha. Sasa kila kidato kina kitaa kidogo ubavuni, karibu na sakafu, kinachomulika chini tu. Nimechagua mwanga wa njano wa Kelvini 3000 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), na zote ni IP65, yaani vumbi haliingii na mvua haizisumbui. Ukingo wa kila kidato nimeupaka mstari mweupe. Rangi tu, lakini imesaidia kuliko nilivyodhani.

Upande wa tangi nimeweka taa ya sensa. Mwanzoni ilikuwa inawaka kila paka akipita, na ikimwacha mama gizani katikati ya njia. Nimeinamisha sensa kidogo na kuongeza muda wa taa kubaki imewaka kutoka sekunde 30 hadi dakika 2.

Jana mama kashuka mwenyewe na mkongojo wake, hakuniita. Bado tundu la kitasa halionekani vizuri, hilo nalifuata wikiendi.