Naomba ushauri: shemeji Mtaliano ataka kunipandisha mlima wa theluji

Assalam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mtu wa Malindi, theluji naijua ya kwenye friza tu. Dada yangu ameolewa Italia, upande wa Trentino, na mwezi wa pili naenda kumtembelea. Shemeji ameshapanga tupande mlima kwa skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, mbali na njia za watalii zinazokaguliwa.

Nimeuliza kuhusu maporomoko ya theluji. Akaniambia hutolewa taarifa ya hatari yenye madaraja 5, na yeye hutoka hata ikiwa 3, "ni katikati tu." Lakini nimesoma kuwa watu wengi hufia kwenye hiyo hiyo 3, maana 4 na 5 kila mtu huogopa. Hapa kwetu kusi ikichafuka nahodha hatoki, wala hakuna wa kumcheka.

Nimejua pia kuwa miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo hatari zaidi, na upepo hurundika theluji upande wa pili wa mlima ikawa kama bamba, likikatika linakwenda na mtu. Aliyefukiwa, baada ya robo saa hivi matumaini hupungua sana.

Mliokaa Ulaya, nisaidieni. Vifaa vya kumtafutia aliyefukiwa, yaani kifaa cha redio cha kuvaa mwilini, fito na koleo, mtu ajifunza kuvitumia kwa siku ngapi? Na theluji ikitoa mlio wa kudidimia miguuni, ni kurudi papo hapo? Halafu lile gumu zaidi: nimkatalieje shemeji bila dada kuona haya?