Daktari wangu wa kifafa amefariki, naombeni bingwa mwingine (Morogoro au jirani)

Mluguru Halisi:
Wakuu, habari za jioni. Nina kifafa tangu sekondari. Daktari aliyenihudumia miaka yote amefariki, Mungu amrehemu. Yule mzee nikiingia tu alikuwa anajua kama nimelala au sikulala. Kliniki yake familia imefunga, na faili langu limebaki humo. Nimeenda hospitali nyingine, wakanielekeza kitengo cha afya ya akili. Mimi sina wazimu. Natafuta bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, mtulivu, asiyefoka.

Kapeto:
Muhimbili. Uzi ufungwe.

Binti Chalinze:
Pole mpendwa. Kitengo cha akili usikidharau, nchi hii wenye kifafa wengi wanatibiwa huko huko. Mabingwa wa ubongo ni wachache na wengi wako Dar. Mdogo wangu anachukulia dawa dirisha hilo hilo na chuo kamaliza.

Mzee wa Ulanga:
Sisi wa Mahenge msitufundishe kifafa. Miaka ya 1960 mama mmoja wa Kinorwe, Dkt. Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa kwetu. Watu walikuwa wanatengewa hadi sahani, wakihofiwa kuambukiza. Wakapewa dawa, wakatulia. Bibi yangu aliyaona. Vijana wa sasa mnachagua daktari kama mnachagua mchumba.

Dozi Kamili:
Niko famasi. Unatumia dawa gani?

Mluguru Halisi:
Epilim. Siku nyingi sijaanguka.

Dozi Kamili:
Una mimba?

Mluguru Halisi:
Hilo linahusianaje na jina la daktari?

Dozi Kamili:
Linahusiana sana. Unayo au huna?

Mluguru Halisi:
Ninayo, bado changa. Ndiyo maana kidonge cha asubuhi nimeshaacha, nabaki na cha usiku. Msinihukumu. Nimesoma kuwa inaharibu mtoto, na marehemu mwenyewe aliwahi kunigusia. Nikipata bingwa nitamweleza.

Dozi Kamili:
Ulichosoma ni kweli: mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi, au akachelewa kujifunza. Lakini kujikatia dozi kunaweza kukuangusha mfululizo, mkaondoka wote wawili. Usisubiri bingwa wa ndoto zako. Kesho asubuhi nenda hospitali ya rufaa na pakiti za dawa mkononi. Waambie una mimba, unatumia Epilim, na umepunguza mwenyewe. Wao ndio waamue kubadilisha au la. Hata hicho kitengo unachokikimbia kinatosha kwa kuanzia.

Mtumishi wa Bwana:
Mbona baba wa mtoto hatajwi? Mabinti mkae kwenye maombi.

Chura wa Kihansi:
Wakuu, hii chai. Nimepekua. Mwezi wa tatu akaunti hii hii ilikuwa inauza kiwanja Kihonda: "mimi baba wa watoto wawili, nimebanwa na ada." Leo baba ana mimba?

Kapeto:
😂😂 Chai yenyewe ina tangawizi.

Mluguru Halisi:
Akaunti ni ya mume wangu, simu pia yake. Anayeona chai asinywe. Nimeuliza daktari, sikuita polisi.

Binti Chalinze:
Na akifungua simu akaukuta huu uzi?

Mluguru Halisi:
Kifafa anakijua. Hilo lingine nitamwambia mwenyewe.

Chura wa Kihansi:
Yaani sisi tumejua kabla ya mwenye mimba yake. Chai hii, nimesema.

Dozi Kamili:
Iwe chai iwe uji, yupo anayesoma hapa kimya na hali yake ndiyo hii. Dada, kesho asubuhi?

Mluguru Halisi:
Kesho tuna msiba kwa shangazi. Keshokutwa. Halafu kuna mtu PM kanipa jina la daktari Dodoma, na kwa treni ya SGR si mbali.

Dozi Kamili:
Msiba una watu wengi, hawataona pengo lako. Na kidonge cha asubuhi?

Binti Chalinze:
Huyo wa PM usimtumie hela kabla hujahakikisha jina lake lipo kwenye rejesta ya Baraza la Madaktari Tanganyika.

Chura wa Kihansi:
Samahani kutoka nje ya mada. Kile kiwanja bado kipo?