Walimu watasema kweli mbele ya mkuu wao?

Jadudi_Kondele: Habari zenu. Nafanya utafiti wa uzamili hapa Kisumu: walimu, washauri nasaha na maafisa wa vijana wanaonaje huduma kwa walioacha shule? Msimamizi wangu anataka niwaketishe wote pamoja, wakuu wa shule wakiwemo. Naogopa watu watabaki kutikisa vichwa tu.

Mama_Nyalenda: Na watatikisa kweli! Tenganisha: wakuu kivyao, walimu wa darasani kivyao. Sita hadi wanane wanatosha. Usiulize "mnaonaje huduma", utapewa hotuba. Wape kisa: msichana wa kidato cha pili amejifungua, anataka kurudi. Langoni anampokea nani? Sera ya kuwarudisha shuleni wasichana kama huyo ipo tangu 1994, lakini hapo ndipo utasikia yanayofanyika hasa.

Mwl_Nakuru: Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, kwanza. Pia usiwaahidi siri kamili. Wewe utanyamaza, washiriki wenzao je?

Jadudi_Kondele: Shukrani. Na kurekodi?

Mama_Nyalenda: Omba ruhusa, tumia simu mbili, ukae mbali na barabara. Boda za Kondele zitakumezea nusu ya maneno.