Kujiandikisha kujitolea wakati kaya yetu inapokea ruzuku ya TASAF: je, mama ataondolewa?

BintiHeru (Kasulu)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Naomba ufafanuzi wa jambo ambalo kila ninayemuuliza hapa kijijini hunijibu kwa uhakika kabisa, ila majibu yenyewe hayafanani.

Mama yangu ni mlengwa wa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), na ndiye aliyeandikishwa kuwa mpokeaji wa ruzuku ambayo hulipwa kila baada ya miezi miwili. Nyumbani tupo mama, bibi ambaye hajiwezi, wadogo zangu wawili walio shule ya msingi, mtoto mchanga wa marehemu dada yangu, na mimi niliyemaliza kidato cha nne na bado sina kazi. Nimekusudia kujiandikisha kujitolea katika Chama cha Msalaba Mwekundu, nifundishwe huduma ya kwanza na, nikikubaliwa, nipangiwe kazi za afya katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nimeelezwa kwamba mshahara haupo, lakini siku ambayo mtu amepangiwa kazi hurudishiwa nauli na kupewa fedha kidogo ya chakula.

Sasa jirani yetu amemwambia mama kwamba jina langu likionekana katika orodha yoyote ya malipo, kaya nzima itaondolewa kwenye mpango. Mama ameogopa na amenikataza kuchukua fomu. Je, kuna kanuni inayomzuia mtu wa kaya inayopokea ruzuku asijitolee? Na ile fedha ya nauli inahesabiwa kuwa kipato?

MjumbeWaZamani (Ujiji)

Marahaba, mwanangu. Nilipata kuwa mjumbe wa Kamati ya Usimamizi ya Jamii katika mtaa wetu, kwa hiyo nitasema yale ninayoyafahamu kutokana na utaratibu wenyewe.

Kwanza umwambie mama kwamba kaya haikuingia katika mpango kwa kuonyesha hati ya mshahara, wala haitoki kwa sababu hiyo peke yake. Kaya zilitajwa na wananchi wenyewe katika mkutano wa hadhara, kisha zikajaziwa dodoso linalouliza idadi ya watu, wanaowategemea wengine, namna nyumba ilivyojengwa, vyombo na mifugo iliyopo, na baada ya hapo majina yakarudishwa kwenye mkutano yathibitishwe. Kinachopimwa ni hali ya kaya kwa ujumla. Nauli ya kwenda Nyarugusu na kurudi haibadilishi paa la nyumba yenu, na ninavyoufahamu mpango huu hakuna sharti linalomkataza mlengwa au mtu wa kaya yake kujitolea. Hata sisi wajumbe wa kamati tulichaguliwa na jamii na tulifanya kazi hiyo kwa kujitolea.

Masharti yaliyopo yanahusu mambo mengine, na hapo ndipo ningependa uangalie kwa makini zaidi kuliko hilo la jirani. Wadogo zako wanatakiwa wahudhurie shule angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na mtoto mchanga apelekwe kliniki kwa mujibu wa ratiba. Masharti hayo yasipotimizwa, sehemu ya ruzuku inayoambatana nayo hukatwa. Ikiwa wewe ndiye unayembeba mtoto kwenda kliniki na kuhakikisha wadogo zako wamefika shuleni, basi kujitolea kwako kunaweza kuigusa ruzuku ya mama, lakini kwa njia ambayo jirani hakuitaja: kwa kutokuwepo kwako nyumbani.

MkaziWaKibirizi (Kigoma Mjini)

Nimemsoma Mjumbe hapo juu na sina ubishi na utaratibu alioueleza. Hata hivyo, nadhani amelipita haraka mno neno alilolisema mwenyewe, yaani mkutano wa hadhara. Kanuni inaweza kuwa upande wako, lakini siku ya kuhakiki walengwa wanaosimama na kuzungumza ni majirani wale wale waliokuona asubuhi umevaa fulana yenye alama nyekundu ukipanda gari la shirika. Katika maeneo yetu ya Kigoma, ambako mashirika yamekuwa yakiajiri watu tangu wakimbizi walipoanza kuja kwa wingi miaka ya 1990, gari la shirika na mshahara ni kitu kimoja machoni mwa watu. Hakuna atakayeuliza kama ulilipwa au ulirudishiwa nauli.

Simwambii asiende. Ninachoshauri ni kwamba mama asifiche jambo hili. Aende kwa mtendaji wa kijiji na kwa wajumbe wa kamati kabla binti hajaanza, aeleze kwamba anajitolea na halipwi mshahara, ili swali likiulizwa mkutanini wawepo watu wawili watatu wenye kujua ukweli.

MwalimuWaIsevya (Tabora)

Naomba niongeze upande mwingine wa suala hili, kwa kuwa wapo wasomaji ambao hawapokei ruzuku ya TASAF bali fao la kukosa ajira kutoka NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii), na kwao hali ni tofauti kabisa.

Mimi nilikuwa mwalimu katika shule binafsi ambayo ilipunguza wafanyakazi. Kwa mwanachama mwenye taaluma ambaye amechangia kwa miezi isiyopungua 18, ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake na hajafikisha umri wa miaka 55, fao hilo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa muda wa miezi 6. Msingi wake ni kwamba huna ajira nyingine. Wakati huo huo shule ya serikali jirani na nyumbani ilikuwa na upungufu wa walimu wa sayansi, nami nikaombwa nifundishe kwa kujitolea, ambapo wazazi walikubaliana kuchanga posho ndogo.

Kabla ya kukubali niliisoma Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kwa sababu kujiita mtu wa kujitolea hakutoshi. Sheria hiyo inaweza kumchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa mojawapo ya hali zilizotajwa ipo, kwa mfano amemfanyia mtu mwingine kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, au anamtegemea huyo kwa riziki yake. Saa 45 si nyingi. Mwalimu anayefundisha saa tatu kila siku ya shule huzimaliza kabla ya mwezi kwisha. Kwa hiyo nilichukua vipindi vichache, nikaomba barua ya mkuu wa shule inayosema wazi kwamba najitolea, sina mkataba wa ajira, na ninachopewa ni fidia ya gharama, kisha nikaipeleka nakala ofisi ya mfuko kabla sijaulizwa.

Nawatahadharisha pia kuhusu majibu ya mtandaoni. Ukitafuta suala hili utakutana na maelezo mengi ya Uingereza, ambako mpokeaji wa Universal Credit, yaani ruzuku ya serikali ya huko kwa wasio na kazi au wenye kipato kidogo, anaruhusiwa kujitolea na nauli anayorudishiwa haihesabiwi kuwa mapato. Ni maelezo sahihi kwa watu wa huko, lakini hayamsaidii mtu wa Kasulu wala wa Tabora mbele ya ofisa wa halmashauri.

HudumaYaKwanza (Kibondo)

BintiHeru, nami nimejitolea katika chama hicho kwa muda, hivyo nitakujibu kuhusu kujiandikisha tu. Uende kwenye tawi la wilaya, ujaze fomu ya uanachama na kulipa ada, ukiwa na kitambulisho na barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji. Utafundishwa misingi 7 ya chama, ambayo mmojawapo ni huo wa kujitolea, na utasaini kanuni za maadili. Uzisome kabla ya kusaini, hasa sehemu ya ulinzi wa watoto na ya kutodai chochote kwa unayemhudumia.

Ufahamu pia kwamba uanachama haukupi ruhusa ya kuingia kambini. Maeneo ya wakimbizi yanasimamiwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, na anayeingia anahitaji kibali. Wengi huanza kwa shughuli za nje ya kambi, kama vile kuhamasisha watu kuchangia damu au kutoa elimu ya kipindupindu vijijini. Kwa hali ya nyumbani kwenu, naona huko ndiko kunakokufaa zaidi kwa sasa, kwa sababu utarudi nyumbani jioni.

Mtu yeyote akikuambia kwamba ukijitolea utapata ajira baadaye, usimpangie mama matumizi kwa ahadi hiyo. Wapo waliopata, na wapo ambao wamejitolea miaka mingi na bado wanajitolea.

BintiHeru (Kasulu)

Nawashukuru sana nyote. Mama amesikiliza nikimsomea na amekubali twende pamoja kwa mtendaji. Yamebaki mambo mawili. Kaya yetu hushiriki ajira za muda za TASAF, yaani kazi za mradi zinazolipwa kwa siku, na mimi ndiye ninayekwenda kuchimba na kubeba mawe, kwa kuwa mama ana maumivu ya mgongo. Pia nimeulizwa namba ya simu ya kupokelea hiyo fedha ya nauli, nami sina laini. Je, naweza kutoa namba ya mama?

MjumbeWaZamani (Ujiji)

La ajira za muda ndilo zito kuliko yote uliyouliza, na ningetamani ungelianza nalo. Malipo yale hufuata siku ambazo mtu wa kaya amefanya kazi na kusainiwa katika daftari la mahudhurio. Usipofika, hakuna malipo ya siku hiyo, na hakuna kosa litakalohesabiwa kuwa umetenda. Siku zenyewe zina kikomo cha 60 kwa mwaka na ratiba hutangazwa mapema, kwa hiyo unapojaza fomu ya kujitolea, uandike miezi ambayo hutapatikana. Wasikuonee haya na wewe usiwaonee haya: anayejitolea ana haki ya kupanga siku zake, lakini fedha ya mradi ikipita haidaiwi.

Kuhusu simu, usitoe namba ya mama. Namba hiyo, kama ndiyo inayopokea ruzuku, ibaki ya ruzuku peke yake. Fedha za shirika zikianza kuingia humo kila mara, utakuwa umempa yule jirani ushahidi ambao hakuwa nao. Sajili laini yako kwa kitambulisho chako cha taifa cha NIDA, na kama bado una namba ya NIDA tu bila kadi, namba hiyo inatosha.