MJADALA: Mhadhiri mpya asiachiwe darasa peke yake kabla hajafundishwa kufundisha

Wakuu, habari za jioni.

Naleta hoja nikiwa mhusika. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Dar. Nilibakizwa kufundisha kwa sababu ya GPA, yaani wastani wa alama zangu za shahada. Matangazo mengi ya nafasi za ukufunzi msaidizi yanataka isiyopungua 3.8 kati ya 5, na sijaona linalouliza kama unaweza kumweleza mtu jambo akaelewa.

Wiki ya kwanza nilikabidhiwa kozi ya takwimu ya mwaka wa kwanza, wanafunzi zaidi ya 300, pamoja na flashi yenye slaidi za aliyenitangulia. Basi. Nikasimama nikasoma slaidi mwanzo hadi mwisho, Kiingereza kitupu. Nikauliza kama kuna swali. Kimya. Nikatoka nikiamini wameelewa. Matokeo ya UE, mtihani wa mwisho wa semesta, yalipotoka, supu (mitihani ya marudio) zilikuwa nyingi mno. Binti mmoja alinisubiri mlangoni akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hata pa kuanzia kuuliza tulikuwa hatupajui." Hadi leo neno lile halijanitoka.

Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyefundisha sekondari miaka mingi kabla ya kuja chuoni. Nilimwomba akae nyuma ya darasa langu. Baada ya kipindi akanionyesha daftari lake: alikuwa ameandika saa na dakika kila nilipogeukia ukuta. Kisha akaniuliza kuhusu kile kipimo cha namba zilivyotawanyika kutoka kwenye wastani, "Mkengeuko sanifu ungemweleza vipi mtu anayesubiri daladala?" Siku iliyofuata niliwapa vituo viwili. Kwenye kimoja abiria watatu wamesubiri dakika 9, 10 na 11. Kwenye kingine dakika 1, 2 na 27. Wastani ni 10 kote, je, ungechagua kituo gani? Nikawaacha wabishane wawili wawili kwa Kiswahili, halafu waandike jibu kwa Kiingereza. Ukumbi ulichangamka, na fomula ilipokuja ubaoni walikuwa wameshajua inatafuta nini.

Sasa tazameni. Pale Chang'ombe kuna DUCE, chuo kishiriki kilichoanzishwa 2005 kuandaa walimu. Mwanafunzi wa ualimu akienda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, mhadhiri anamfuata hadi darasani, anakaa nyuma na fomu, anampa alama. Mtoto wa kidato cha pili analindwa hivyo. Kaka yake akija chuo kikuu na mkopo wa serikali mgongoni anakutana na mtu kama mimi wa mwaka ule. Ndiyo, fomu ya tathmini ya mhadhiri ipo, lakini wanafunzi wanaijaza semesta ikiisha, wakati walioumia wameshaumia.

Ninachotaka: semesta ya kwanza mhadhiri mpya afundishe chini ya mhadhiri mzoefu, atazamwe darasani mara kadhaa, arekebishwe, na jambo hilo lihesabiwe kwenye kuthibitishwa kazini na kupandishwa cheo. Uingereza walianza kulisukuma hili kitaifa baada ya ripoti ya kamati ya Ron Dearing ya 1997 kuhusu elimu ya juu, na leo vyuo vyao vingi vinamtaka mhadhiri mpya asomee cheti cha ufundishaji akiwa kwenye kipindi cha majaribio kazini.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa 1
Mkuu, nakupinga. Chuo si sekondari. Sisi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tulifundishwa na watu ambao hawakusomea ualimu hata siku moja, na walitutikisa akili. Mwanafunzi aende maktaba. Mkianza kuwatafunia kila kitu mtatoa wahitimu wanaojua madesa tu, zile notsi za kukariri.

Mchangiaji wa 2
Mafunzo yapo, msidanganyane. Siku mbili ukumbini, posho, picha ya pamoja, cheti. Jumatatu yule yule na slaidi zile zile. Na muda uko wapi? Nina kozi tatu na rundo la kusahihisha, na cheo nitapewa kwa machapisho.

Mleta hoja
Mkuu wa kwanza, nakuheshimu, lakini kumbuka idadi. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza 1961 kwenye jengo la TANU pale Lumumba kilikuwa na sheria peke yake na wanafunzi wasiofika 20. Idadi hiyo ikikaa mezani na msomi mahiri, wataelewana hata kama hajui mbinu yoyote. Mimi nilikuwa na 300 na spika inayokatika. Isitoshe, unawakumbuka waliokutikisa. Waliowazamisha wenzako mpaka wakadisko, wakaondolewa chuo kwa kufeli, umewasahau. Na mfano wa daladala haukuwatafunia chochote: maktaba walianza kwenda baada ya hapo.

Mkuu wa pili, kuhusu semina ya siku mbili sina ubishi. Ndiyo maana naomba mtu akae nyuma ya darasa, nisiitwe ukumbini. Yule mama hakutumia hata shilingi. Alinipa saa mbili na daftari. Fedha zinakuja pia: mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, mkopo wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia tangu 2021, unajenga madarasa na maabara na kupeleka wahadhiri kwenye uzamili na uzamivu. Vizuri sana. Lakini mtu akirudi na PhD ya Ulaya bado hajafundishwa kusimama mbele ya watoto 300.

Walioko vyuoni, naomba mjibu kwa ukweli: tangu mwajiriwe, ni nani amewahi kukaa nyuma ya darasa lenu?