Ridi au Hall kwa kipima mvua cha mlimani?

mvua_bududa: Habari zenu mafundi. Natengeneza kipima mvua kwa ajili ya mashamba ya kahawa huku juu Bududa, Uganda. Tangu maporomoko ya ardhi ya 2010, mvua ya huku si ya kukadiria kwa macho. Kikombe kikijaa kinapinduka, sumaku inapita, saketi inahesabu. Kitakaa peke yake na betri moja ya mAh 2,500. Niweke swichi ya ridi au sensa ya Hall?

fundi_boda_kla: Hall, ndugu yangu. Natengeneza bodaboda za umeme hapa Kampala. Ndani ya mota kuna Hall tatu zinazoiambia kontrola gurudumu limefika wapi, na hazina kitu cha kulika. Umeme unapita kwenye kipande chembamba cha semikondakta. Sumaku ikikaribia, chaji zinasukumwa upande mmoja na volti ndogo inatokea ubavuni. Edwin Hall aligundua hilo mwaka 1879 kwa jani la dhahabu. Ridi ni vyuma viwili vyembamba ndani ya kichupa cha kioo. Vinagusana, vinaachana, siku moja vinagandana.

dada_solda: Kwenye mota nakubali, mlimani hapana. Sensa ya Hall ya kawaida kama A3144 inakula kama miliampea 5 muda wote, hata kiangazi. Betri hiyo itamaliza wiki tatu tu. Ridi haili kitu kujiendesha: sumaku yenyewe ndiyo inayoifunga.

mzee_redio_jinja: Dada amesema kweli. Ila ridi hudundadunda inapojifunga, vyuma vikigusana na kuachana haraka, na kupinduka kumoja kwa kikombe kukahesabiwa mara mbili. Programu ipuuze mipigo inayofuata ndani ya milisekunde 100. Na miguu yake usiikunje hivi hivi: bana kwa koleo karibu na kioo, ukunje upande wa nje wa koleo. Ufa mdogo hutauona, lakini unyevu utaingia na vyuma vitaota kutu.

fundi_boda_kla: Mzee wangu, siku hizi kuna Hall zinazolala na kuamka, zinakula maikroampea chache tu.

dada_solda: Zipo, na kwenye milango nazipenda sana. Lakini ikiamka mara 5 kwa sekunde, inalala milisekunde 200 kila mara, na sumaku ya kikombe inaweza kupita yote ndani ya usingizi huo. Mvua itanyesha na hesabu haitaonyesha.

mvua_bududa: Asanteni sana, basi ridi. Sumaku ikatize katikati au itulie upande mmoja?

mzee_redio_jinja: Ikatize. Ikitulia mbele ya ridi, swichi itabaki imefungwa na betri itavuja kupitia rezista ya saketi mpaka mvua nyingine.